Bunduki ya Mishal, Bolti ya Turki

"Kwa basi, Silas? Chuma cha bunduki kipande basi Riyadh, kikae dirishani kama bibi harusi, kishuke Jeddah kesho asubuhi?"

"Si dirishani, shemeji. Titus, yule mlinzi wa Riyadh, atakificha ndani ya kopo la tende."

"Kopo la tende! Na askari wa barabarani akiwa na njaa, je?"

Silas alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele katika jiko la Sellah. Sellah, dada mkubwa wa mke wake na mpishi wa nyumba ya bosi hapo Jeddah, alimsimamia na mwiko mkononi. Mwiko huo si wa kuchezea. Uliwahi kumfukuza paka wa jirani mpaka Taif, bila ikama, kile kibali cha mgeni kuishi nchini.

Joto la siku hiyo lilikuwa la kumpa kuku homa. Yai lilitoka limeshachemka. Lakini jasho la Silas halikuwa la joto.

"Mwambie bosi," Sellah akasema. "Amka hapo, akimaliza kulala uende umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimeharibu mtoto wake?"

Na kwa namna fulani kweli alikuwa ameharibu mtoto wa watu.

Bosi wao, Abu Mishal, ana jumba kubwa Al-Malqa, kule Riyadh. Hapo ndipo Silas anapofanya kazi ya udereva, na kila Alhamisi anapangusa bunduki za kuwindia zilizojaa kabati la vioo. Watu wengine hufuga njiwa, wengine farasi. Abu Mishal hufuga namba. Bunduki huzaliwa na namba kama ng'ombe wa josho, huyu wa mia tatu na moja, huyu wa mia tatu na mbili, wala ng'ombe haulizwi. Ila kuna mafundi huko ng'ambo ambao ukiwabembeleza vizuri wanakuchongea namba uitakayo wewe. Basi bosi aliagiza bunduki mbili pacha kwa ajili ya wanawe wawili. Moja ikachongwa 1421, mwaka wa Kiislamu aliozaliwa Mishal. Nyingine 1424, mwaka wa Turki. Namba ikatiwa dhahabu mahali patatu: mwilini, kwenye mtutu, na kwenye bolti, kile chuma chenye mkono unachovuta na kusukuma ili risasi iingie.

Marafiki zake wana wazimu huohuo. Mmoja ana bunduki ya namba moja na hajawahi kuifyatua, anaogopa itachoka. Mwingine namba yake inafanana na ya gari lake, na inasemekana na ya kaburi lake amekwishaichagua. Wakikutana sebuleni hawaangalii shabaha wala mbao nzuri. Wanaipindua bunduki, wanasoma namba mara tatu, mahali patatu. Zikipatana, wanavuta pumzi kama walionusa pilau. Zisipopatana, wanairudisha mezani polepole kama samaki aliyelala, na mwenyewe anapewa pole.

Sasa Silas, huyu ndiye yule aliyewahi kumpigia chui saluti kule Baringo mpaka chui akajibu. Alikuwa polisi wa akiba. Kila asubuhi sajini alipita mstarini akisoma namba ya bunduki mwilini, nao wakiitikia. Mpaka leo Silas akishtuliwa usingizini atakutajia namba ya bunduki yake kabla ya jina lake. Lakini bolti? Bolti zilioshwa kumi kumi ndani ya sufuria moja ya mafuta, kila mtu akaokota iliyo karibu. Bolti zilikuwa za ukoo mzima, kama kijiko.

Basi Alhamisi iliyopita Silas akaziosha bolti mbili za bosi kwenye bakuli moja. Akaokota iliyo karibu.

Jana akaendesha gari tangu alfajiri, Riyadh hadi Jeddah, bosi nyuma na vibali vyake, sanduku la bunduki ya Mishal butini. Kesho baada ya alasiri Mishal, anayefanya kazi hapa Jeddah na sasa amechumbia, atakabidhiwa bunduki yake mbele ya wazee wa upande wa mchumba na wale wenye wazimu wa namba, akiwemo mzee mmoja wa Taif anayetembea na kioo cha kukuzia hata msikitini. Na leo, Silas alipofungua sanduku apanguse vumbi la safari, akaona mwilini 1421, mtutuni 1421, na kwenye bolti, ikimetameta kama jino la mganga, 1424.

"Mtu anamkabidhi mwanawe mkubwa bunduki yenye mwaka wa mdogo wake," Silas alisema. "Mbele ya wakwe. Atasema nimemfanyia uchawi."

"Atasema umezembea. Ndivyo ulivyo."

"Shemeji, unamkumbuka Elijah?"

Sellah alimkumbuka. Elijah wa kwao alikutwa na bunduki ambayo namba yake ilikuwa imekwaruzwa. Mwamba ndio ulioikwaruza, lakini nani anasikiliza ushahidi wa mwamba? Aliingia kituoni na ndevu nyeusi, akatoka nazo nyeupe mpaka kifuani.

"Namba ya bunduki si mchezo," Silas akasema. "Kule kwetu ni jela. Hapa je, mimi mgeni, kafili wangu, mwajiri anayenidhamini, ndiye mwenye bunduki? Titus aichomoe tu ile ya 1421 kwenye bunduki ya Turki kabatini. Turki yuko chuo mpaka jioni. Basi linaondoka magharibi. Kesho asubuhi nairudisha mahali pake, halas, yamekwisha, hakuna atakayejua."

"Halas gani! Leo una kosa la bakuli. Kesho utakuwa na kosa la kufungua kabati la mwenyewe, la kubeba chuma cha bunduki bila karatasi, na la kumtia Titus wa watu kwenye kopo. Fungu zima la makosa, kama sukuma wiki."

"Kwako wewe ni rahisi kusema."

"Mimi? Nani alimwambia bosi kwamba wewe unaijua bunduki kuliko mama anavyomjua mtoto? Ukifungwa, mimi ndiye nitamweleza dada yangu. Zulia la sebuleni unalikumbuka? Lile la babu yake bosi? Nililiunguza kwa kaa la ubani, tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Nikaenda na kaa mkononi nikamwambia, bosi, ni mimi. Alifoka mpaka kunguru wakahama mtaa. Na bado niko hapa, mwaka wa sita. Dereva aliyekutangulia alivunja taa ya gari, akaibandika gundi, akakaa kimya. Yuko wapi?"

Silas alijua yuko wapi. Alipelekwa uwanja wa ndege siku hiyohiyo, na shati moja.

Simu ikalia mapajani. Titus, mlinzi wa Al-Malqa. Silas akaipokea kwa mikono miwili.

"Kaka," Titus alinong'ona, "niko mbele ya kabati. Ufunguo ninao. Mkono unanitetemeka hadi vioo vinalia. Nifungue?"

Silas akamtazama Sellah. Kwa mara ya kwanza mwiko ulikuwa umeshuka. Kwenye simu, kweli, vioo vilikuwa vikilia, ting, ting. Silas akamwona Titus na watoto wake watatu kule Kitale, akaziona ndevu za Elijah.

"Nifungue, kaka? Sema haraka."

"Usifungue."

"Eh?"

"Rudisha ufunguo. Tende kula wewe. Mimi nitasema mwenyewe."

Akazima. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa kana kwamba ametoka kuogelea na nguo. Akaenda kwenye bomba, akanawa uso, akasimama mbele ya jokofu na kujaribu maneno kwa sauti ndogo: bosi, kuna jambo. Bosi, kwa heshima. Bosi, lile bakuli.

"Usianze na bakuli," Sellah akasema. "Atadhani nimevunja chombo mimi. Anza na 'ni mimi'. Na ukifukuzwa, Silas, lile blanketi lako la Riyadh uniachie, maana wewe huko kwenu utalala kwa mkeo, lakini mimi huku kiyoyozi kinani..."

Mlango ukafunguliwa.

Abu Mishal hajawahi kukanyaga jiko hilo tangu nyumba ijengwe. Alisimama kizingitini peku, kichwa wazi, macho ya usingizi. Kiganjani alikuwa ameshika bolti iliyotoka sandukuni, kidole gumba kikiwa kimelala juu ya dhahabu.

Akamtazama Sellah. Akamtazama Silas.

"Nani..."

"Ni mimi, bosi," Silas akasema.