Jina la Aliyesema

Juzi nilikuwa Pangani nikingoja pantoni. Bandani, kijana wa chuo cha ualimu alikuwa akimsomea bibi mmoja insha yake juu ya visima vya zamani, maana bibi ndiye aliyemsimulia.

"Mwalimu wetu Mzungu chuoni anataka jina la kila aliyesema," kijana alieleza. "Nikuandike vipi, bibi?"

"Usiniandike mimi. Maneno ni ya dada yangu."

"Alikusimulia lini?"

"Leo asubuhi."

"Basi nikamwone mwenyewe. Anakaa wapi?"

"Tulimzika kule Moa, nikiwa mwari."

Kijana akacheka kidogo. Bibi aliinamisha sikio upande wa pili, penye nafasi tupu kwenye benchi, akaitikia kwa kichwa.

"Anasema kwamba kwenye ukurasa ambao hujatusomea, maneno yake umeyafanya yako."

Kijana akaufunua ukurasa ule, akausoma kimoyomoyo. Kisha akauliza jina la marehemu kwa sauti ya chini, akaliandika.

Sisi waandishi hupenda kuchota ya marehemu kwa kuwa hawadai. Mimi nasema nililoliona tu: banda lilijaa, wengi tulisimama juani, na nafasi ile hakuna aliyeikalia.