Risasi Nzito

Kabla ya kulenga shabaha, mwanamke mmoja wa mtaa wa Rusimbi huweka risasi kiganjani, akafumba macho na kuupima uzito wake, kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Siku ya kugombea nafasi moja iliyobaki katika timu ya mkoa, upepo wa ziwa uliinamisha nyasi zote za uwanjani, ukazipeperusha pembeni risasi nyepesi za mpinzani wake, Genoveva. Moyo ulimwambia mwanamke yule anyamaze, miguu ikamwendea Genoveva.

"Chukua zangu, dada. Hizi nzito, upepo hauzichezei. Ila lenga juu kidogo, zinashuka."

"Na wewe je?"

"Zinatutosha."

Genoveva akapiga katikati, nafasi ikawa yake. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mwanamke yule, kirefu, kikaelea hadi majini.