Nondo wa Rangi Moja

Siku ile jikoni kwa marehemu mama tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu Mwinyi na Zaina, na Bi Tatu, jirani yetu mwenyeji wa Mlingotini. Wadachi walikuwa hawajaingia Bagamoyo. Nilikuwa nimekwisha kuacha chuo cha Kurani ili nilime, maana baba alitangulia zamani.

Mwanangu, mama alipofariki majirani walituletea chakula, kama ilivyo desturi. Matanga yakaisha, nao kwa huruma wakaendelea kuleta. Kwa hiyo hatukuwasha moto. Juu ya meko yalining'inia mahindi ya mbegu, wala hakuna aliyeyafikiria.

Mvua zilipokaribia nikayashusha. Wakaruka nondo wadogo kama punje ya mpunga. Mwinyi akasema hao ni wale wa kwenye unga, tupepete tu tupande. Bi Tatu, aliyekuja na uji, akamshika mmoja akamweka kiganjani kwa Zaina.

Alitueleza bila haraka. Nondo wa unga ana rangi mbili: kijivu kuanzia kichwani, kisha wekundu wa shaba. Kiwavi wake hutambaa nje na kuacha utando. Ukipepeta na kuanika, punje nyingi husalimika. Huyu wetu alikuwa na rangi moja, ya majani makavu, na mbawa zake zina nywele pembeni kama matamvua ya kikoi.

"Mdogo hivi, anakula nini?" Zaina akauliza.

"Huyu hali kitu, mjukuu wangu. Aliyekula ni mwanawe, humo ndani ya punje. Haya Mwinyi, fundi wa kupepeta, pukuchua punje uzimwage majini tuone."

Zikaelea karibu zote, kila moja na tundu lake. Ndiyo ilikuwa mbegu yetu yote.

"Mama yenu hakuwa akipika tu hapa," Bi Tatu akasema. "Moshi wake ndio uliowazuia."

Akatuagiza tuwashe meko, akatupa pishi ya mbegu yake, turudishe tukivuna. Tulivuna. Nilipompelekea, nikaambiwa amehamia Kiwangwa. Nilipofika Kiwangwa nikaonyeshwa kaburi. Hakuacha mtoto.

Basi mwanangu, ukifiwa, pokea chakula cha watu, lakini washa moto wako mapema. Na mdudu mtazame mbawa kabla hujampa jina. Mungu aijaalie nyumba yako isikose moshi. Mahindi yale ya pembeni juu ya meko usiyaguse. Ni pishi ya Bi Tatu, kila mavuno naiweka mpya, na bado sijapata wa kumkabidhi.