Ushuhuda Niliomsimamishia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuja kwangu Miyuji kutoka Mlali baada ya kuacha kulima, kuoga, na hata kujibu salamu. Hospitali walisema ni sonona, wakampa vidonge. Mwezi wa tatu wa dawa akaanza kupika mwenyewe, na siku moja akanitania mezani, "Dada, mlenda wako unavutika kuliko mahubiri." Nilicheka, kisha nikatoka nje kulia.

Kosa nililifanya Jumapili iliyofuata. Kanisani kwetu aliyepona husimama kutoa ushuhuda. Nikamwandikisha bila kumuuliza. Akaninong'oneza, "Dada, mimi bado nameza dawa."

"Simama tu, mshukuru Mungu."

Akasimama, akasema Bwana amemponya. Akina mama wakapiga vigelegele.

Tangu hapo vidonge vikawa aibu. Wanakwaya wakija kututembelea, alikuwa anavificha kwenye ndoo ya unga. "Nitamezaje," aliniuliza, "na nimeshasema nimepona? Si nitakuwa nimedanganya madhabahuni?" Labda jibu nilikuwa nalo, nikaona tabu kulisema, maana ule ushuhuda niliupenda. Watu walikuwa wananisalimia vizuri kwa ajili yake. Akaacha dawa.

Niseme haki: mchungaji hakumwambia aache. Aliposikia mdogo wangu amelala tena, hali chakula, hasemi, yeye ndiye aliyekuja kunikaripia. "Mama, mimi mwenyewe nameza vya presha kila asubuhi, na ninaomba. Nani alikwambia uchague kimoja?" Hakuna aliyeniambia. Wala sisemi maombi hayakumsaidia. Mwenyewe anasema yalimsaidia.

Sasa yuko Mlali kwa mama, ameanza vidonge upya. Daktari amesema safari hii itachukua muda zaidi. Jana nilimpigia simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umemeza?"

"Nimemeza. Ila usinisimamishe tena. Safari hii nitapona nimekaa."

Tulicheka wote, lakini hakusema atarudi lini kwangu, nami sikuthubutu kuuliza.

Leo kiongozi wa ibada ameuliza kama kawaida, nani ana ushuhuda. Ninao: kwamba siku ile mdogo wangu alikuwa bado anaumwa, na mimi nilijua. Nilishika benchi la mbele ili niinuke. Kiongozi akatazama huku na huku, akasema basi, tuimbe. Nikainuka na wenzangu, nikaimba.