Shangazi Kwenye Ukurasa wa Saba

Vitabu vyangu hutoka nakala moja moja. Nanunua karatasi nzito kwenye steshenari ya Kayanga, nachora kwa penseli za rangi, naandika sentensi mbili chini ya kila picha, napiga stepla mgongoni, basi. Wasomaji wangu ni wa nyumbani Nyakatuntu, na hawana adabu hata kidogo. Wanageuza kurasa kwa vidole vya mafuta, na ng'ombe akitoka vibaya wananiuliza kama ni mbwa mwenye mimba.

Desemba iliyopita niliwapelekea kitabu cha msimu wa senene. Nilikipanga vizuri: mvua, panzi wanatua kwenye nyasi, wanawake na ndoo zao, kunyonyoa mabawa na miguu, kukaanga. Ukurasa wa saba alikuwapo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, amejibanza nyuma ya jiko, mashavu yamemvimba, na mguu mmoja wa senene uliosahaulika umetokeza mdomoni.

Kwa mila ya zamani ya kwetu, mwanamke anakamata senene, anawanyonyoa, anawakaanga, kisha anampelekea mumewe. Yeye haonji. Wasichana wa leo wanatafuna barabarani na hakuna anayewauliza, lakini shangazi alijijengea jina kwa kutoonja. Hata kwenye sala za jumuiya aliitaja hiyo kama karama. Mumewe, miaka nenda rudi, alipokea bakuli lililopungua akamlaumu paka. Kuna paka mmoja alihamishiwa Omurushaka kwa kosa hilo.

Mimi nilimwona nikiwa mdogo. Nikachora nilichokiona.

Baada ya chakula cha mchana mzee, mume wa shangazi, alivaa miwani akaanza kutusomea. Alipofika ukurasa wa saba alikisogeza kitabu karibu na pua.

"Mke wangu, huyu ni wewe?"

"Ni mtu yeyote mwenye kitenge."

"Kitenge chenyewe ndicho hicho ulichovaa."

Shangazi alikinyakua kitabu, akachukua kisu cha kumenyea ndizi. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora, na niliiona inakwenda kuwasha moto.

"Shangazi, naomba usiikate. Nitabadilisha uso."

"Uweke uso wa nani? Umsingizie jirani?"

Aliutazama ukurasa, kisu bado mkononi. Kisha akanigeukia.

"Na wewe uko wapi hapa?"

"Mimi ndiye mchoraji, shangazi."

"Siku ile mchoraji alisimama wapi?"

"Mlangoni."

"Nikampa nini?"

Mzee alivua miwani ili asikie vizuri.

"Senene, viganja viwili," nikasema.

"Vya nini?"

"Vya kunyamaza."

"Akavirudisha?"

"Alivila."

"Kwa hiyo paka yule hakuwa na kosa," mzee alisema taratibu.

"Alikuwa anaiba maziwa," shangazi alimjibu bila kumtazama. Akaendelea na mimi. "Umeanika mwizi mmoja, mwenzake umemficha. Hicho ni kitabu au ni umbeya?"

Nimezoea kujisifu kwamba sichori nisichokiona, na kumbe nilikuwa nimechagua vizuri pa kutazama.

Aliweka kisu chini, akanirudishia kitabu kikiwa kizima, akanisogezea mkebe wa penseli. Nilipiga magoti mkekani nikaanza kuchora mtoto mlangoni, kaptura, tumbo, macho ya woga. Mzee alisema masikio yangu yalikuwa makubwa zaidi ya hapo. Nikayaongeza. Shangazi alisimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Shavu lijae."

"Limejaa, shangazi."

"Viganja viwili haviwezi kukaa kwenye shavu hilo. Jaza."

Nikajaza.