Nilivyoanua kitabu cha mwandishi wa Kimarekani kama nguo za kwenye kamba

Wakuu, habari za humu ndani.

Najua wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba, hata wewe ambaye hujaniamkia.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Chumvi sitaongeza, hata daktari kanikataza. Nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Ukiona kosa la kuandika liruke uendelee, usije kwenye comments kunisahihisha kama mwalimu wa zamu.

Mimi ni mtu wa Kondoa, miaka sitini na nane. Dodoma mjini nimefua nguo za watu kwa mikono hii mpaka kucha zikawa laini kama karatasi. Sasa niko huku Washington, nakaa na binti yangu Rukia, Columbia Heights. Nililetwa kulea mjukuu, Zuhura. Zuhura akakua, akaanza kujifungia chumbani na simu yake. Nikaona nitatazama ukuta mpaka lini? Nikafanya ile kozi fupi ya kutunza wazee, agency, ile ofisi inayowatafutia wazee watunzaji, wakanipa kazi.

Napanda treni ya Green Line, kisha basi, mpaka Riverdale Park. Saa tatu asubuhi nimefika, saa tisa mchana natoka.

Mteja wangu ni mzee wa Kizungu, mwandishi wa vitabu. Jina silitaji, kazi yetu ina siri, na msinifuate inbox kuniuliza.

Siku ya kwanza nilipoingia kwake nilidhani nimekosea nyumba. Sebuleni kuna kamba tano, zimetoka dirishani mpaka kwenye kabati la vitabu. Kwenye kamba kuna kadi, zile ndogo za kuandikia, zimeshikwa na vibanio vya nguo. Kadi nyingi! Ukitaka kwenda chooni unainama kama unapita chini ya nguo mbichi.

Akaniambia maneno mawili tu. "Kamba usiguse."

Nikasema sawa. Nikamwuliza kwani hizo ni nini, akasema ni kitabu chake cha mwisho, yuko nacho mwaka wa kumi na moja.

Ngoja niwaeleze kidogo huyu ni mwandishi wa namna gani, maana bila hivyo hamtaelewa kosa langu. Haya yote aliniambia mwenyewe akinywa uji. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini mtu ukiwa naye kila siku mnaelewana.

Baba yake alikuwa fundi redio kwenye mji mdogo wa wachimba makaa. Mezani kwao kulikuwa na redio saba zimefunguliwa pamoja. Moja inahubiri, moja inatangaza mpira, moja inauza sabuni. Yeye mtoto mdogo yuko chini ya meza anasikiliza zote kama hadithi moja. Vitabu nyumbani hakuna, kwa hiyo mama yake alikuwa akimsomea vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na cherehani na majiko. Anasema hao ndio walimu wake wakubwa. Chuo alikuja kwenda baadaye, akafundisha huko miaka thelathini, lakini anasema chuo kilimwongezea majina tu ya vitu alivyokwisha kuvisikia chini ya meza.

Vitabu vyake wanaviita postmodern. Nikamwuliza ndiyo nini. Akasema, "Ni hadithi inayojua kwamba yenyewe ni hadithi."

Nikamwambia, "Hadithi ijue nini? Wewe kula uji, unapoa."

Ana kitabu kimoja maelezo ya chini ya ukurasa ni marefu kuliko hadithi ya juu. Kingine kuna mtu anafika sura ya sita anafunga mizigo anaondoka, hapendi anavyoandikwa. Kingine kina miisho miwili, msomaji achague.

Huo wa miisho miwili nilimgombeza kabisa. "Mzee, huo ni uvivu. Mteja akiniletea nguo nafua. Simwambii achague kama atafua mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongoni.

Siku nyingine nikamweleza kwetu zamani bibi akisimulia, watu hawakai kimya kama wako msikitini. Wanaitikia, wanamkatiza, mmoja anasema hapo umedanganya bibi, na bibi anarudi nyuma anatengeneza. Mzee akaacha kijiko. Akaniuliza mara tatu: wanamkatiza? Naye anabadilisha? Nikasema ndiyo, asipobadilisha nani atabaki? Akaandika kadi, akainuka na mkongojo wake kwenda kuitundika. Akasema kumbe yeye na wenzake wamesumbuka maisha yao yote kubuni kitu ambacho bibi yangu alikuwa nacho.

Nikamwambia bibi yangu hakulipwa kwa hilo, wala hakutundika kitu sebuleni.

Basi tukazoeana hivyo, yeye ananitania, mimi namkaripia.

Halafu akapata stroke, kiharusi.

Haikuwa kubwa. Mguu wa kushoto ukawa mzito, na kichwani vitu vikachanganyika kidogo. Akalazwa, akapelekwa rehab, kituo cha mazoezi ya wagonjwa. Binti yake, Ellen, mama mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuja kutoka mbali akawa anashinda naye huko. Akanipigia simu: baba anarudi Alhamisi, naomba uje Jumatano uandae nyumba.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Someni taratibu.

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali hakuti nyumba kama alivyoiacha. Unafagia, unapangusa kuta, unabadilisha mashuka, unatoa kila kilichokuwepo siku alipoanguka. Ndiyo heshima yake. Hilo sikufundishwa na agency, limo mwilini.

Nikaangalia zile kamba. Zina vumbi na utando wa buibui, kisha ziko urefu wa uso wa mtu, na yeye anarudi na kiti cha magurudumu na mkongojo. Nikajisemea, lile katazo ni la wanaume wote, kila mwanaume ana kona yake hataki iguswe, ukiisafisha anashukuru.

Nikaanua.

Nilianua kama ninavyoanua nguo. Kamba moja, furushi moja, nafunga na kipande cha kanga kuukuu, naweka kwenye boksi. Kamba ya tatu Rukia akanipigia katikati, nikaweka kadi juu ya kochi nikaongea naye. Niliporudi zimeteleza zote chini. Nikazikusanya, nikafunga, nikaendelea. Kamba nikazifua, vibanio nikavifua, ukuta nikapangusa. Nyumba ikanukia sabuni. Nikarudi kwangu nimejaa sifa.

Alhamisi Ellen akamwingiza baba yake na kiti.

Mzee alitazama pale dirishani. Akatazama kabati. Hakupiga kelele, bora angepiga. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kiko wapi?"

Nikamletea boksi. "Zipo zote, mzee. Haijapotea hata moja."

Ellen akashika kichwa. "Zilikuwa na namba?" akaniuliza.

Mimi nitajuaje? Tukaangalia. Hazina. Alikuwa hawezi kuweka namba kwa sababu kila siku anahamisha moja, anaitoa huku anaipeleka kule. Kitabu chake hakiendi kama vya watu, kwamba huyu kazaliwa, huyu kakua, huyu kaoa. Kinaruka kama redio saba. Utamu wake wote ni nini kinafuata nini.

Ellen akanitoa nje barazani akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Baada ya stroke mzee anakumbuka gauni alilovaa mama yake siku ya kwanza ya shule, lakini mpangilio wa kitabu ulifutika kichwani. Wote. Kule rehab kila akianza kuogopa, alikuwa anajituliza mwenyewe: "Si kitu, kiko kwenye kamba."

Mimi silii mbele ya watu. Nilisimama pale nikatazama garimoshi la mizigo likipita mpaka behewa la mwisho, ndipo nikarudi ndani.

Mzee kainamisha kichwa, machozi yanadondokea mikononi. Mtu wa miaka themanini na mbili.

Nikamwambia Ellen, "Nipe zile kamba."

"Za nini?"

"Nipe kamba, mama. Halafu mnipishe."

Wakuu, Dodoma nilikuwa nafulia nyumba tano, zile za watumishi wa reli. Kila nyumba ina kamba yake. Ukianua unaanzia upande mmoja daima, ya kwanza inakaa chini, ya mwisho inakaa juu, unafunga, huchanganyi. Ukichanganya, shati la dereva linakwenda kwa karani, na mke wa karani anakuja kukuuliza mumewe alilala wapi. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Nikijiuliza jana nilianzia upande gani, sijui. Lakini mikono inajua. Kwa hiyo sikujiuliza. Nilifunga kamba, nikafungua furushi la kwanza, nikaiacha mikono itundike.

Ellen akasoma kadi ya kwanza kwa sauti. Ya pili. Ya tatu. Ilipofika kama ya kumi, mzee akafumba macho, na midomo yake ikamtangulia Ellen. Alikuwa anamalizia maneno kabla hayajasomwa!

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ndiyo. Endelea."

Jamani. Nikakaa kwenye kochi la mteja, jambo ambalo agency wanalikataza.

Kamba ya pili ikawa sawa. Ya nne sawa, ya tano sawa. Ikabaki ile ya tatu iliyomwagika.

Ellen alisoma kadi zote za kamba hiyo, mzee anatikisa kichwa tu. Hajui.

Nikazichukua nikazitandaza mezani. Nikazitazama kama nguo, si kama maandishi, maana maandishi yenyewe ya Kiingereza siyasomi. Ndipo nikaona. Nyingine zimepauka, nyingine bado nyeupe na wino mweusi. Nikamwuliza, "Mzee, hii kamba uliihamisha lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. Akasema hii alikwisha kuimaliza, hajaigusa tangu mwaka juzi.

Basi imekwisha! Kadi ya dirishani imekula jua miaka miwili, ya kabatini imekaa kivulini. Mfua nguo gani hajui upande wa shati uliotazama jua? Nikazipanga kutoka iliyopauka zaidi mpaka iliyo mpya, Ellen akasoma, na mzee midomo ikaanza tena kwenda.

Zilibaki mbili tu ambazo zimepauka sawasawa. Tulizijaribu hivi na hivi, zote zinakubali. Ellen akasema tuache. Mimi nikasema hapana, nguo haiachwi kwenye beseni. Mzee akasema, "Leteni kadi tupu."

Akaandika muda mrefu, lugha yenu hiyo ya wasomi. Akaniambia itundike katikati ya hizo mbili. Nikamwuliza imesema nini, akasema utaambiwa kikitoka.

Ellen kabla hajaondoka alipiga picha kila kamba kwa simu yake. Sasa jamani, miaka kumi na moja, msomi baba, msomi binti, hakuna aliyefikiria kupiga picha? Lakini siku hiyo sikuwa na mdomo wa kumcheka mtu.

Nilimwomba mzee radhi rasmi, nikamwambia kama anataka agency wamletee mtu mwingine sitanuna. Akasema, "Huyo mwingine ataanua vibaya."

Sasa nimekaa kwa raha, ndiyo maana naandika. Kitabu kimekwisha, kimekwenda, kimerudi kimechapwa. Wiki iliyopita kanipa changu, kaweka alama kwenye ukurasa wa ile kadi ya mwisho. Nikampelekea Zuhura anisomee. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini siku hiyo alijikakamua, akawa anageuza neno kwa neno mpaka jasho linamtoka.

Anasema hadithi inakwenda, inakwenda, halafu inakatika. Anaingia mwanamke na ndoo. Anamwambia mwandishi inua miguu, nataka kupiga deki, na hizi karatasi zako mbili hazijulikani ipi ya mbele, chagua mwenyewe usimsumbue msomaji.

"Mwandishi anafanyaje?" nikauliza.

Zuhura akafuata mstari kwa kidole. "Anainua miguu, Bibi."

Nimecheka peke yangu kwenye Green Line mpaka watu wakahama viti.

Niliyojifunza ni haya. Kabla hujasafisha kitu cha mtu, mwulize kwanza kwake ni nini, hata kama unaona ni uchafu mtupu. Mimi niliambiwa nisiguse nikagusa, na sijitetei, niliponea kwenye tundu la sindano. Na wewe uliyekuja huku unaona aibu kusema nyumbani ulikuwa unafua au unauza maandazi, acha hiyo aibu. Mikono yako inakumbuka vitu ambavyo siku moja utavihitaji.

Wanaotunza wazee huku nje, nanyi mmewahi kuharibu kitu cha mteja kwa kutaka kumfurahisha? Mliponaje? Andikeni hapo chini, nitasoma mzee akisinzia baada ya chakula. Na atakayeuliza jina la kitabu, simjibu.