Unga wa Shangazi Kwenye Mto Ugalla

Hasira zangu za siku ile hazijaisha, na sitaki mtu aniambie nimwachie Mungu. Nimeshamwachia mara nyingi, na bado nikiona boti moyo unanichemka.

Ilikuwa safari ya walimu wa shule yetu ya Mpanda, likizo ya katikati ya mwaka. Tulikodi basi dogo hadi mto Ugalla, na huko tukapanda boti ya matembezi yenye paa la turubai. Kila mwalimu aliruhusiwa kuja na mtu mmoja. Wenzangu walikuja na wake na wachumba. Mimi nilikuja na shangazi yangu wa Mwamkulu, dada wa marehemu baba, mama wa miaka sabini na ushee ambaye magoti yake siku hizi hayamfikishi hata gulioni. Njia nzima walinitania kwamba nimepata mchumba wa Kikonongo. Shangazi akawajibu kwamba wao ndio wenye hasara, maana wachumba wao hawajui hata kuwaamkia watu. Tulicheka, na alifurahi.

Sababu ya kumleta tuliijua mimi na yeye tu. Kaka yake, baba yangu mkubwa ambaye sikumkuta, alikuwa mrina asali. Siku moja akivuka mto ule kwa mtumbwi wa gome, akitoka kwenye mizinga yake, mamba alimchukua kwenye kona yenye mwamba mweusi. Hakikupatikana hata kidole. Katika ukoo wetu, mtu asiye na kaburi hupelekewa unga wa mtama pale alipoishia. Unaurusha kidogo majini, unamtaja jina, unamwambia watoto hawajambo. Shangazi alifanya hivyo kila mwaka alipokuwa na miguu. Kisha msitu wa kando ya mto ukawekewa mipaka, watu wakakatazwa kuingia, na magoti nayo yakagoma. Mwaka huu aliniambia waziwazi kwamba anataka kumuaga kaka yake kabla hajafa, na kwamba hana haja nyingine kwangu.

Kwa hiyo alipanda boti na unga kwenye pindo la kitenge.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mgeni wa huku, ameshika kipaza sauti, mdomo haupumziki. Alituonyesha viboko, akatuonyesha ndege, na majina mengine ya ndege nadhani aliyabuni palepale. Tulipofika kwenye kona, nami nikauona ule mwamba, akapunguza mashine.

"Hapa tunapaita Kona ya Mchoyo," alisema. "Zamani kuna mrina asali aligoma kumgawia mwenzie. Mamba akamla yeye na ndoo yake."

Boti nzima ilicheka. Mwalimu wa hesabu akauliza kama mamba alilamba vidole. Mchoyo, mtu ambaye nimesimuliwa tangu utoto kwamba alikuwa akigawa asali hadi mkewe ananuna. Nani alimpa yule kijana ruhusa ya kumtungia marehemu wetu uchoyo ili watu washushie soda zao?

Shangazi anakielewa Kiswahili vizuri, ila kukisema kunamchosha. Alisogea ukingoni, akafungua fundo la kitenge, akaanza kumtaja kaka yake kwa Kikonongo. Kiongozi akamwona, akaja upesi, akamshika mkono.

"Bibi, hairuhusiwi kulisha viboko."

Kicheko kikaanza upya. Shangazi akanigeukia, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, "Baba, waambie." Kiongozi naye akaniuliza bibi anataka nini.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: huyo mnayemcheka ni kaka yake. Ningeisema, boti ingenyamaza, na kijana yule, ambaye kwa kweli sidhani alikuwa na roho mbaya, angemwachia mkono. Lakini niliwatazama walimu wenzangu, nikamtazama mkuu wa shule, nikakumbuka kwamba mimi ni mzee wa kanisa na kwamba Jumatatu ofisini ningeitwa mtambikaji. Mficha uchi hazai, tunawafundisha watoto. Mimi niliuficha.

"Alitaka kulisha samaki," nilisema. "Mniwie radhi, ni mtu mzima."

Kiongozi akaupokea unga kwa upole kabisa, akaumwaga kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya ndizi. Mashine ikanguruma, na kona ikabaki nyuma.

Kwenye basi nilikaa naye kiti cha nyuma, nikawalaani wote kwa sauti ya chini: kiongozi, wenye boti, mwalimu wa hesabu na vidole vyake. Nilimwambia shangazi nitaandika barua ambayo itawatoa jasho. Yeye alinisikiliza tu hadi Mpanda. Tuliposhuka stendi, wakati bajaji ya kumpeleka nyumbani inageuza, nikamwahidi kwamba mwezi ujao nitakodi boti nzima, twende wawili tu, arushe unga atakavyo.

"Hapana, baba," alisema, na alisema kwa Kiswahili ili nisije nikasingizia lugha. "Kufika nimefika. Mtu wa kunisemea ndiye niliyemkosa."